Fishi Namba Arobaini na Mbili

Kabla ya vita sikupenda fishi hata kidogo. Aliyetulazimisha ni mkubwa wetu wa kituo cha afya pale Baraka, mji wa kando ya ziwa. Kituo kilikuwa na vitabu viwili tu vya maana, kimoja cha magonjwa ya watoto na kingine cha wakubwa, vyote vya Kifaransa, na mzee yule alivifungia kabatini kama mtu anayeficha sukari. Aliazimisha kimoja kimoja. Ukitaka cha pili, rudisha kwanza cha kwanza, akikague kurasa zote, ndipo akupe. Kwa hiyo sisi wauguzi wadogo tulinakili. Tulikata maboksi ya dawa yaliyokwisha, vipande vya ukubwa wa kiganja, tukaandika upande wa ndani, ule mweupe. Kila kipande kiliitwa fishi.

Alikuwa na masharti. Fishi moja, jambo moja. Juu andika jina la kitabu na ukurasa. Chini pembeni weka namba, ya leo ifuate ya jana, usirudie, usiruke. Hiyo namba ndiyo iliyonikera. Fishi zangu nilizipanga kwa ugonjwa, za kuhara pamoja, za kifua pamoja, sasa namba za nini? Nilimuuliza. Akanitazama juu ya miwani, akasema niandike tu, nisimletee ubishi asubuhi yote. Nikaandika huku nimenuna.

Siku moja nilikuwa nanakili kipimo cha dawa fulani ya sindano, nikaitwa chumba cha kuzalia. Sehemu ya juu ya fishi niliiacha wazi, nikasema nitaijaza baadaye. Hiyo baadaye yetu tunaijua sote.

Vita ilipotufikia, niliondoka na mfuko wa dawa na kopo la maziwa ya unga lililojaa fishi, zaidi ya mia mbili. Vitabu vilibaki kabatini. Mzee alivuka ziwa kwenda Kigoma, na nasikia ufunguo alikwenda nao. Sisi wengine tulipanda milimani upande wa Lubondja, tukajibanza kwenye vibanda vya mashamba ya mihogo. Njiani niliteleza mtoni, kopo likafunguka, fishi zikaelea kama maganda. Niliokota nilizoweza, nikazianika, nikazirudisha ovyo ovyo.

Kibanda nilicholala kilikuwa na mama mmoja, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, wa soko la Baraka. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri. Alikuwa na binti wa mwaka mmoja mgongoni, mtoto mwenye mashavu, mgomvi, anayevuta nywele za kila mtu. Baada ya wiki mbili za baridi ya mlimani yule mtoto aliacha kuvuta nywele. Homa ilimpanda, na kila akivuta pumzi mbavu zilizama ndani. Ilikuwa kifua, tena kifua kibaya.

Dawa niliyozoea ilikuwa imekwisha. Zilibaki chupa chache za dawa nyingine ya sindano, ambayo sikuwahi kuichoma kwa mkono wangu, na karatasi yake ya maelezo ililoa zamani ikawa uji. Nikachakura kopo, nikapata fishi yake. Kiasi kadhaa kwa kila kilo, asubuhi na jioni. Nikambeba mtoto kukisia uzito wake, nikapiga hesabu, nikamchoma. Nilijiona muganga kweli kweli.

Jua lilipokuwa juu nilikaa kusoma tena ile fishi. Hapo ndipo nilipoona juu hakuna kitu. Hakuna jina la kitabu wala ukurasa. Dawa hiyo ilikuwa katika vitabu vyote viwili, na kipimo cha wakubwa hakikuwa sawa na cha watoto, hilo nililikumbuka vizuri. Nisilolikumbuka ni fishi yangu ilitoka katika kipi. Nikamgeukia mtoto. Alikuwa amelala, usingizi mzito, hataki hata kunyonya. Labda ni nafuu. Labda ni mimi ninayemuua. Na jioni ilikuwa inakuja: nikimchoma tena kipimo cha wakubwa, namumaliza; nisipomchoma, kifua kinamumaliza.

Nilitamani kunyamaza. Nasema ukweli, nilitamani sana. Lakini mama yake alikuwa amekaa pale, ananipepetea unga wa mihogo wa jioni.

"Yaya," nikamwambia, "ile dawa ya asubuhi, sijue kama kipimo ni ya batoto ao ya bakubwa."

Aliacha kupepeta.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza.

Swali lake ndilo lililoniamsha akili. Fishi ile haikuwa na jina, lakini chini pembeni ilikuwa na namba, arobaini na mbili. Na mzee wetu hakuwahi kumpa mtu vitabu viwili kwa pamoja. Basi kama arobaini na moja na arobaini na tatu zote zilitoka kitabu cha watoto, ya katikati haikuweza kutoka kwingine. Nilimweleza. Kifaransa hakukijua, lakini namba alizijua kuliko mimi, maisha yake yote yalikuwa sokoni.

Tukamwaga kopo lote juu ya mkeka. Yeye alianza mwisho mmoja, mimi mwingine. Nyingine zilikuwa zimefutika nusu kwa maji, nyingine zimetafunwa na mende. Arobaini na tatu niliiona mimi. Juu yake: kitabu cha watoto. Lakini hiyo peke yake haikutosha. Huenda arobaini na mbili ilikuwa ya mwisho ya kitabu cha wakubwa, na siku hiyo hiyo nikabadilisha. Ilibidi tupate arobaini na moja.

Haikuwepo. Tulizipitia zote, tukazipitia tena. Nikaona jinsi ilivyoelea mtoni na kunipita, nikaanza kulia kama mtoto mdogo. Nilimlaani mzee na mimi mwenyewe, nikailaani na ile baadaye yangu.

"Wacha kulia, unanisumbua," yaya akasema. Alikuwa ameshika fishi moja nene, anaisugua kati ya vidole kama anavyopima unga. "Hii haiko moja. Hizi ni mbili."

Maji yalikuwa yamezigandisha. Alizibandua taratibu kwa ukucha, akaitazama ya chini, akanipa. Arobaini na moja. Kitabu cha watoto, ukurasa wa mia na kumi na saba. Nikarudi kwenye arobaini na tatu: mia na kumi na tisa.

Basi kipimo changu kilikuwa cha watoto. Nilicheka, nikashindwa kuacha. Yule mama hakucheka. Alikwenda kumgusa mtoto paji la uso, akarudi kuokota fishi, akazipanga zote kwa namba, moja mpaka mwisho, bila kuniuliza.

Jioni nilichoma sindano ya pili. Siku ya tatu mbavu ziliacha kuzama. Siku ya tano mtoto alinivuta nywele, nikamwacha avute mpaka achoke.

Siku hizo zote mama yake hakunisemesha zaidi ya lazima. Ile ya tano, mchana, aliweka bugali na sombe ya majani ya mihogo katikati ya mkeka, akasogeza bakuli la maji upande wangu.

"Angelikufa, ningelikuchukia mpaka ku kaburi," akasema. "Hakukufa. Nawa mikono, tukule."