Mkaguzi alipoinama chini ya kaunta yangu ya dawa baridi kule Dirma

Wakuu, heshima kwenu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijatia chumvi, na aibu iliyomo ni yangu pia.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, mihuri mingine ofisini bado inasoma Arusha. Nilikuwa na duka la dawa baridi Dirma, Hanang. Kibali kiliniruhusu panadol, dawa za minyoo na vitu vidogo vya aina hiyo.

Sasa mimi, bingwa niliyesomea famasia kwenye kuuza mafuta ya taa, nikaona serikali inaniminya. Nikaweka na antibiotiki chini ya kaunta.

Wateja wakaniita daktari. Ningewavunjaje moyo?

Zikaja regulations mpya. Maduka yetu yapandishwe daraja: sakafu ya saruji, kabati la kufuli, na muuzaji akasome kozi. Nilicheka sana. Kozi ya kumpa mtu kidonge!

Siku moja akaja mkaguzi, binti aliyemaliza chuo juzi tu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akainama moja kwa moja chini ya kaunta, utadhani nimemchorea ramani. Akatoa kopo la tetracycline.

"Hizi unampa nani?"

"Mwenye kikohozi."

"Na mjamzito?"

"Akikohoa, naye si mtu?"

Hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba dawa ile inaharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni.

Wakuu, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Na alikuwa anakohoa. Na daktari wake alikuwa nani? Mimi.

Nilimwacha mkaguzi na duka wazi. Nikafika nyumbani nahema kama maksai wa kulimia.

"Mama Paulo, zile dawa umemeza ngapi?"

Akaendelea kuchambua maharage. "Hata moja. Nilimuuliza nesi wa zahanati, akasema nisiziguse."

"Mbona hukuniambia?"

"Daktari huwa anaambiwa, Baba Paulo?"

Nilikaa chini pale pale.

Mtoto alizaliwa salama. Wale kina mama wengine niliowauzia, sijui. Hilo ndilo sijawahi kulichekea.

Kozi nilienda, nikakaa benchi la mbele.

Nilichojifunza: sheria niliyodhani inanibania riziki ilikuwa inamlinda mwanangu dhidi ya baba yake.

Mnaouza dawa kwa "uzoefu", semeni hapa mlisomea wapi. Na kama uliwahi kuuziwa na mtu kama mimi, tukana tu mkuu, nasoma zote.