Chai ya Shemeji

Shemeji yangu sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitajifanya nilimpenda eti kwa kuwa sasa nimezeeka. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, amekulia Goma, mwenye asali mdomoni kwa wageni na pilipili kwa watu wa nyumbani. Mimi nilirudi kutoka Tanzania nikaolewa Gisenyi, na mume wangu alipofariki aliniachia watoto wawili na boti ya mbao yenye injini, ambayo alikuwa akipakia ndizi na mchanga. Boti ile ndiyo ingetulisha. Kabla matanga hayajaisha, shemeji akaichukua, akasema anaitunza. Hata fisi angesema anatunza mbuzi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Vita vya upande wetu vilikuwa vimepoa na mbuga ya gorila imefunguliwa tena. Shemeji akaipaka boti rangi nyeupe, akafunga turubai juu, akaanza kuwaleta wazungu wa mashirika kutoka Kibuye. Safari yake aliinadi kwa maneno matatu: "Maji, inchi, nyama." Maji ni kuzunguka ziwa la Kivu. Inchi, yaani nchi kavu kwa Kiswahili chao cha Goma, ni gari la kupanda Mudende kutazama ng'ombe na mashamba ya viazi. Nyama ni gorila wa kwenye volkeno, asubuhi ya kesho yake. Wakishuka botini, kabla ya kupanda gari, wageni walikula kwangu, mtaa wa Nengo hapohapo Gisenyi.

Mnaniuliza kwa nini nilimpikia? Kwa sababu baba mkwe alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima: "Munywe kwanza pamoja. Kisha tutakaa, tuongee mambo ya boti." Kwetu mwenye nyumba huonja kinywaji kwanza, ndipo humpa mgeni, ili mgeni aone hakina sumu. Ukishaonja naye akakataa, amekuita muuaji. Mume wangu alikufa kwa ini, hospitalini, na daktari alieleza. Lakini ndugu zake walikuwa wamechagua kuamini kwamba ni mkono wangu uliomuua.

Siku ninayoikumbuka, shemeji alishuka botini amelowa, akikohoa kikohozi cha kupasua kifua. Kuna sharti mbugani ambalo hata yeye alilijua: mwenye mafua au kikohozi hasogei kwa gorila, maana huwaambukiza. Na wageni wa siku ile walikuwa wakubwa, alikuwa amewaahidi kuwaongoza mwenyewe mpaka mbele ya wanyama.

Nilichemsha tangawizi kwa asali na majani ya chai. Sikufanya hivyo kwa huruma, jamani. Nilitaka anywe mbele ya baba mkwe, aliyekuwa amekaa palepale barazani, ili mambo ya boti yaanze kuongelewa. Nikamimina, nikapiga funda moja kubwa waziwazi, nikamshikia kikombe kwa mikono miwili.

"Pole na baridi, shemeji. Kunywa."

Alikitazama kikombe, akawatazama wageni, akacheka.

"Mi sinywake kitu ya huyu mama. Yaya yangu alikunywaka, sasa iko wapi?" Yaya kwao ni kaka mkubwa; alimsema mume wangu.

Baba mkwe aliinamisha kichwa. Wazungu hawakuelewa, wakatabasamu, na mmoja akanipiga picha nikiwa nimeshika kikombe kilekile. Nilitamani kummwagia usoni. Niliimimina chai ndani ya chupa ya joto, nikafunga kifuniko kwa nguvu hadi vidole vikaniuma.

Asubuhi nilipanda nao gari, maana chakula cha mchana kilikuwa juu yangu. Chupa ya chai mpya, tangawizi ileile, ilikuwa miguuni pangu. Njia nzima shemeji alikohoa ndani ya leso, akijidai ni vumbi, wakati mvua ilikuwa ikinyesha.

Mbugani mlinzi aliwapanga wageni na kuwasomea masharti. Shemeji alisimama mbele, kifua nje, midomo ameibana, mashavu yamemvimba. Kikohozi kikamshinda. Alikohoa mpaka akashika magoti.

"Oya, hapana," mlinzi akasema. "Huyu abaki."

"Bon, chef, mkubwa wangu, ni vumbi tu..."

"Abaki."

Wageni wake wakakwea mlima na mtu mwingine. Hakugeuka hata mmoja kumuaga, na mimi nilifurahi, nasema wazi nilifurahi. Tulibaki wawili kando ya gari, ukungu umetufunika, yeye akitetemeka kwenye koti lililolowa. Kibanda cha chai hakikuwapo. Alizunguka gari, akarudi, akazunguka tena, mwishowe akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Shemeji," akasema, na hapo nikajua neno hilo analijua. "Ile chai iko?"

"Iko."

Nilifungua chupa. Mvuke ulipanda, harufu ya tangawizi ikatujaa puani. Nilimimina kikombe pomoni, nikakiweka juu ya jiwe kati yetu, nikaikunja mikono yangu.

Alingoja. Alikohoa, akangoja.

"Onja basi," akasema.

"Boti kwanza."

Alikitazama kikombe kile mpaka mvuke ukaisha. Wageni waliposhuka wakicheka, chai ilikuwa baridi kama maji ya mto, nikaimwaga kwenye majani mbele ya macho yake. Boti anayo mpaka leo.