Mguu wa Nne wa Kigoda

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla jumba la makumbusho halijafunguliwa, Bi Randa amepiga magoti karakanani, anapitisha msasa kwenye fremu ndogo ya kabati la kioo. Juu ya benchi lake kuna barua ya kumtaka ajieleze. Ameiwekea koleo isipeperushwe na feni.

"Wameandika nimeharibu mali ya umma," anasema bila kuinua kichwa. "Nimeng'oa skrubu moja. Moja tu. Na ninayo."

Jina la Bi Randa alipewa na mafundi wenzake, wanaume watupu, mwaka alioajiriwa. Ana miaka hamsini na miwili; kumi na tisa ameitumia humu, kwa mkataba unaohuishwa kila baada ya miezi mitatu. Makabati mia moja na kumi na mawili yametoka mikononi mwake. La mia moja na kumi na tatu ndilo lililomtia matatani.

Lilikuwa la kigoda. Kibao chake kilisomeka: "Kiti cha wenyeji wa kwanza wa bonde hili, jamii iliyotoweka." Bi Randa ni mtoto wa jamii hiyo. Mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, anaishi vituo vitatu vya basi kutoka hapo.

Kitabu cha historia shuleni kiliwapa watu wake mstari mmoja. "Mwalimu alisoma, akageuza ukurasa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, tumekwisha. Akanijibu, 'Kama tumekwisha, vyombo ataosha nani?'"

Mengine alifundishwa na mama huyo: mipaka ya mashamba yaliyo chini ya mji wa leo, majina ya vijito vilivyofukiwa, na jinsi ya kuchonga kigoda kutoka gogo moja, miguu mitatu, kitulie hata mlimani.

Kilicholetwa karakanani kupimwa kilikuwa na minne. Kiliyumba. Wa nne ulikuwa wa mbao laini ya makreti, umekazwa kwa skrubu ya kiwandani.

Hakukurupuka. Alikwenda stoo akaomba daftari la mapokezi. Miaka sitini iliyopita mtu aliandika kwa wino: "Kigoda, miguu mitatu." Miaka ishirini baadaye, mwandiko mwingine: "Mguu uliopotea umerudishwa."

"Haukupotea," anasema. "Waliona pengo kwa sababu viti vyao vina minne."

Akachukua bisibisi.

Mkuu wa maonyesho hapingi daftari. "Tatizo ni utaratibu," anasema. "Fundi hana mamlaka ya kubadilisha kifaa cha historia. Aurudishe, kisha aandike maombi."

"Na aliyeuongeza alimwomba nani?" Bi Randa anauliza. Swali hilo limo kwenye majibu yake ya maandishi, aya ya pili.

Kamati ya nidhamu inakaa Ijumaa. Akishindwa, mkataba hautahuishwa. Mtunza stoo, rafiki yake wa siku nyingi, anachungulia mlangoni.

"Dada, gundi ipo. Ubandike tu, yaishe."

"Niwekee. Nitabandikia kibao kipya."

"Kichwa chako hicho kingetosha kuwa nyundo."

"Ndiyo maana sijawahi kuazima yako."

Wiki iliyopita wanafunzi walisimama mbele ya kabati la kigoda, likiwa bado tupu. Msichana mmoja alisoma kibao, akamuuliza mwalimu wake watu hao walikwenda wapi. Mwalimu akakisoma kibao upya. Bi Randa alikuwa juu ya ngazi hapo jirani, anakaza bawaba.

"Mmoja yuko juu ya ngazi," alisema. "Uliza, mwanangu." Walimweka dakika arobaini kwa maswali.

Ijumaa ataingia kwenye kikao na mama yake. Mama ameambiwa wageni hawakuandaliwa viti. "Nitakuja na changu," amejibu. Ni kile anachokalia jikoni kila siku, cha miguu mitatu.

Mguu wa nne Bi Randa hataki utupwe. Fremu anayoisugua asubuhi hii ni ya kabati la mguu huo, la mia moja na kumi na nne, na kibao ameshakiandika kwa penseli: "Mguu ulioongezwa na jumba hili. Wachongaji wa kigoda wapo."

"Nao ni historia," anasema, akipuliza unga wa mbao. "Ila si yetu."