Mke Wangu Aliacha Dawa Ili Asidanganye Kwenye Fomu ya Urubani

Jumanne, tarehe 9 Machi 2004, saa nne kasoro robo asubuhi, mke wangu Avelina alianguka kutoka kwenye kiti kwa daktari wa marubani, hapa Arlington, kalamu ikiwa bado mkononi.

Alikuwa ametoka kuweka saini.

Saini hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kupanga maboksi ghalani. Mkikuta nimekosea maneno, vumilieni. Jambo lenyewe sijalikosea.

Texas tulikuja mwaka 1997, kwa bahati nasibu ya green card. Mimi nikaingia ghalani, yeye akaenda kuhudumia wazee. Siku moja akatoka kazini, akavua viatu, akasema, "Kalisti, nataka kujifunza kurusha ndege."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Wewe? Ngazi tu ya kubadilishia balbu inakutetemesha!"

"Ngazi unaishika wewe. Ndege nitaishika mwenyewe."

Na kweli akaishika. Kwenye kiwanja kidogo karibu na Mansfield. Mwaka 2002 wakampa cheti cha afya, akapata na leseni ya kwanza. Kufika 2004 alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu aruhusiwe kurusha ndege kama kazi.

Ila cheti cha afya kilikuwa kinaisha Machi. Bila hicho cheti hurushi hata tiara.

Tatizo lilianzia kanisani.

Tulikuwa tunasali ibada ya Kiswahili kule Carrollton. Ibada ikiisha, Kerubo, muuguzi wa Kikenya, alikuwa anaweka mashine yake ya presha pale pale kwenye meza ya chai, watu wanapanga foleni na vikombe mkononi. Jumapili moja ya 2003 akampima Avelina, akampima tena, akabadilisha mkono.

"Dada, hii pressure imepanda vibaya. Enda uone daktari, usicheze na hii kitu."

"Nitaenda."

Hakwenda.

Watu wamesema alikuwa mzembe. Hapana. Fomu ya marubani inauliza: umeonwa na daktari gani miaka mitatu iliyopita? Umewahi kuwa na presha? Unatumia dawa yoyote? Na hapo hapo wameandika kwamba ukidanganya ni kosa la serikali kuu, faini na jela. Avelina alinisomea kwa Kiswahili mezani, kidole kikifuata mstari.

"Nikienda kwa daktari, itabidi nimwandike," akasema. "Nisipokwenda, hakuna wa kumwandika."

"Na Kerubo je?"

"Kerubo kanipima kwenye chai, Kalisti. Ile nayo ni hospitali?"

Tukamuuliza Otieno, mwalimu wake wa ndege. Otieno alikuwa anajua kila kitu, au tulidhani anajua.

"Madam, ukiandika dawa, umeisha," akasema. "Hiyo cheti ya medical wataikalia mpaka uzeeke. Kuna jamaa walimfanyia hivyo, saa hizi anaendesha lori."

Basi.

Mimi mwenyewe nina presha, nameza kidonge kila asubuhi. Nikafanya nilichoona mwanamume mwenye akili angefanya. Nikachukua kisu cha kukatia ndimu, nikakata kidonge changu katikati. Nusu yangu, nusu yake, kwenye kisosi kimoja.

Kerubo akampima tena. Imeshuka.

"Ulienda kwa daktari?"

"Nipo vizuri, dada," Avelina akajibu, akakimbilia kikombe chake.

Tukaishi hivyo miezi.

Mwishoni mwa Januari akanisogezea kisosi.

"Sinywi tena."

"Kwa nini?"

"Machi nitasaini kwamba situmii dawa. Nataka iwe kweli."

"Si uandike hapana tu? Nani atajua? Chupa ina jina langu."

"Mimi nitajua. Na wao wakijua, si ndege tu, watatunyang'anya na karatasi za kukaa hapa. Nikishapata cheti nitauliza vizuri habari za dawa."

Nilibishana naye. Hakukubali. Nilibishana tena. Mwanamke yule ukimwambia abebe sukari ya mwajiri wake kwenye mfuko atakuangalia kama umemtukana mama yake. Akaacha chumvi, akawa anakunywa kitunguu saumu kwenye maji ya moto mpaka nyumba nzima ikanuka. Jumapili akawa anapita mbali na meza ya chai.

Mimi kila asubuhi nilikata kidonge kama kawaida. Nusu yake inabaki kwenye kisosi. Namsubiri atoke kwenda kazini, halafu nairudisha kwenye chupa.

Jumatatu, siku moja kabla ya fomu, kichwa kilimuuma kutwa.

"Twende hospitali," nikasema.

"Twende leo, kesho nimwandike daktari wa hospitali? Kesho tu, Kalisti. Kesho tunamaliza."

Kesho yake nikamwendesha mwenyewe. Alivaa ile blauzi ya njano ya Pasaka. Akajaza fomu haraka, kama mtu anayejaza majina ya watoto wake. Kwenye dawa akasimama, akanigeukia, akatabasamu.

"Unaona? Kweli tupu."

Akaweka alama kwenye hapana. Akasaini.

Kisha akasema, "Kalisti, mbona taa zimekuwa mbili?"

Mshipa ulipasuka kichwani. Alhamisi wakanifungulia pazia la hospitali nimuage.

Wiki mbili baada ya mazishi, yule daktari wa marubani akaniita. Mzee wa Kizungu, sauti ya chini. Nilikwenda na Kerubo anitafsirie, maana Kiingereza changu ni cha ghalani. Nikamweleza yote, hata kisu cha ndimu. Nilitaka kujua kama nimemuua.

Akaomba kuiona dawa. Nikatoa chupa mfukoni, nikaimimina mezani. Vinusu vitupu.

Daktari akasoma jina la dawa. Akaivua miwani. Akasema maneno machache.

Kerubo akainuka.

"Amesema nini?"

"Shemeji, twende nyumbani."

"Kerubo, amesema nini?"

Akakusanya vinusu kimoja kimoja, akavirudisha kwenye chupa, hajaniangalia.

"Amesema hii inaruhusiwa. Amesema marubani wengi wanaitumia. Angeandika ndiyo, angeleta barua ya daktari na vipimo, angeruhusiwa kurusha tu kama wengine."

Nikamuuliza mzee yule, imeandikwa wapi kwamba inaruhusiwa? Akasema ipo, kwenye kitabu chao cha madaktari.

Kitabu chao!

Fomu ile ina nafasi ya kunitishia jela. Ina nafasi ya kuuliza mpaka kama umewahi kulewa ukiendesha gari. Nafasi ya mstari mmoja, kwamba presha ikitibiwa unaruka, hiyo walikosa. Walioitunga wana mishahara na viyoyozi, na wake zao wanawakuta nyumbani jioni. Otieno alikuja kulia kwangu, nikamfungulia mlango, sikumwambia kaa. Alirudia alichosikia. Waliopaswa kusema ndio waliokaa kimya.

Nawaambia ninyi mnaosoma hili, popote mlipo: dawa ya mtu haikatwi nusu. Kapime kwa daktari, umeze yako. Na kabla hujaogopa karatasi, muulize anayeipokea, usimuulize aliyesikia kwa mtu. Sisi hatukuuliza. Tuliona neno jela tukafunga midomo, maana mgeni akiona jela kwenye karatasi, haendelei kusoma.

Nakala ya fomu ninayo. Iko kwenye droo moja na ile chupa. Ninaitoa, naangalia kile kisanduku alichoweka alama, nairudisha.

Kerubo aliniandikia barua kwenda kwa wakubwa wa anga. Walinijibu kwa kunipa pole. Nilimuuliza mchungaji, akaniombea. Yule daktari mzee aliangalia dirishani mpaka nikaondoka. Swali lenyewe ni fupi, na nyinyi wengi mmesoma kuliko mimi.

Pale Avelina alipoandika hapana, situmii dawa, alisema kweli au alidanganya?