Assani hakufunga mvua

Akili yangu inakataa mpaka sasa. Assani wetu, mpimaji wa mvua wa Kindu, tulimzika jana. Amekufa kwa kipigo.

Jamani, Assani! Mtu aliyekuwa akimpisha mbuzi njiani na kumwomba radhi.

Wengi mnanijua kwa sauti, kile kipindi cha asubuhi redioni. Leo sina kichekesho.

Wakati wa vita wakubwa wake walikimbia, ofisi ikafungwa. Yeye akaendelea. Kila siku saa mbili asubuhi alisimama na daftari mbele ya kipimo chake, ile chupa yenye mdomo mpana inayopokea mvua. Mshahara? Msiniulize.

Siku moja wanajeshi walimkuta anaandika. Nilikuwa naye.

"Hizi namba njo nini? Unatumia adui habari?"

"Hapana, chef. Iko maji ya mvua tu."

"Kama njo maji, kunywa!"

"Nitakunywa, chef. Niache nipime na niandike kwanza."

Bunduki kifuani, na yeye anasoma mstari wa maji! Akaandika, kisha akanywa yote. Walicheka mpaka wakatuachia. Mimi nilikuwa nimejikojolea.

Amani iliporudi na ofisi ikafunguliwa, akaanza kupokea ripoti za bahari. Nikamuuliza bahari inatuhusu nini sisi watu wa mto Lualaba.

Akanieleza taratibu. Bahari za mbali zikipata joto zaidi ya kawaida, njia ya mvua inasogea, na kwetu mawingu yanapita tu. Barafu ya ncha za dunia nayo ikipungua, maji yaliyokuwa yamefunikwa yanameza joto la jua, na pepo zinabadilika mpaka huku. "Si kila mwaka," alisema daima. "Lakini mara mingi njo pale ukame unatupata."

Nilicheka hadi machozi. Barafu! Hapa Kindu, ambapo hata samaki wa friji anaoza kwa kukosa umeme! Nikampa jina redioni: Bwana Barafu. Mji mzima ukalishika.

Msimu huu aliniletea karatasi. Wakulima wa mpunga wa njia ya Kibombo wasipande bado, mvua itachelewa.

"Soma vile nimeandika, ndugu yangu," alinisihi. "Usiongeze chumvi."

Niliongeza. Nilisema hewani: "Bwana Barafu amekataa kutoa mvua mpaka apende mwenyewe!" Studio nzima tulivunjika mbavu.

Watu walipanda. Jua likachoma kila kitu. Hapo wakakumbuka maneno ya redio, na yalikuwa maneno yangu, siyo ya Assani.

Alipokwenda na pikipiki kusoma kipimo kingine cha Kibombo, wakulima walikuwa wanamngoja. Waliivunja chupa ya huko kwanza, wakidhani mvua imefungiwa humo. Hakikutoka kitu. Wakamgeukia yeye.

"Fungua mvua!"

Akaanza kuwaeleza habari za bahari. Mwenye pikipiki aliyempeleka ameniambia alikuwa bado anaeleza alipoanguka.

Hospitalini nilikwenda kuomba msamaha. Sikupata nafasi. Alifungua jicho moja, lile lililofunguka, akaniuliza: "Leo nani amepima?"

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Jana tulipokuwa tumembeba, mvua ikashuka. Mama mmoja kando ya barabara akapiga vigelegele. "Munaona? Amekufa, ameiachilia!" Watu wakamshangilia. Tukapita na jeneza katikati ya furaha yao, tumelowa chapachapa.

Ninalo daftari lake hapa. Kabla hajaenda Kibombo aliandika kwa mkono wake kwamba mvua itarudi wiki hii. Wiki hii hii! Nilitaka kulisoma redioni, mkurugenzi akakataa, eti nitachokoza watu. Ndiyo maana naandika huku mtandaoni.

Assani hakufunga mvua. Mfunga mvua nilimtengeneza mimi kwa mdomo wangu, watu wakampiga. Na ninyi mtakaoweka machozi hapa chini, majina yenu nayajua. Ni yale yale yaliyokuwa yakinitumia vicheko kila nilipotaja Bwana Barafu.

Leo saa mbili asubuhi nilikwenda kwenye kipimo chake cha hapa Kindu. Hakuna mwingine aliyefika. Chupa ilikuwa imejaa. Nilipima mara mbili, nikaandika kwenye mstari unaofuata ule wake wa mwisho.

Kisha nikanywa yote.

Pumzika, Assani, ndugu yangu. Lala bila kuamka kuwahi saa mbili. Leo nimepima mimi, na sijaongeza chumvi.