Mawe Yaliyooshwa kwa Sabuni

Juzi, kwenye duka la vifaranga vya samaki mjini Mbarara, mbele yangu walisimama mume na mke, Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nyuma ya nyumba yao, maji ya tangi la samaki hupita kwenye mawe yaliyooteshwa mboga, kisha hurudi tangini.

"Samaki ya kwanza ilikufa na nini?" aliuliza muuzaji.

Mke akainama. "Papa huyu, bwana yangu, alikuwa anatoka hospitali. Nikaosha mawe na sabuni, nimufurahishe. Samaki yote ikakufa."

"Na mimi nikamutukana mbele ya majirani," mume alisema taratibu.

Akampa mkewe mfuko wa samaki wapya abebe. Mke akaficha mikono ndani ya kitenge.

"Beba wewe, papa. Mimi sitagusa tena."

Samaki, yule mume aliwapata siku hiyohiyo. Msaidizi wake, yaani mkewe, nadhani itamchukua muda kumpata tena.