Kipande cha Katibu Tarafa

Tulikuwa kaya chache juu ya mgongo wa mlima, huku Usambara. Asubuhi ukungu ulipojaa mabondeni, Mazinde na nyika yote ya chini ilipotea, tukabaki kama watu wa kisiwani. Tulikuwa na migomba, maharage, kanisa la udongo na mfereji mmoja, uliochimbwa na mababu kutoa maji msituni.

Mwaka wa operesheni ya vijiji tukaambiwa tutahamishiwa nyikani, kando ya barabara. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nadharia zimenijaa hadi shingoni. Nikawakusanya watu, nikawaeleza ujamaa kwa saa nzima. Shangazi yangu, mkubwa wa ukoo wetu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri, mwanangu. Kesho tunazibua mfereji. Utachimba au utaeleza?"

Kesho yake akafika katibu tarafa, kutuorodhesha kabla ya kutuhamisha. Kwetu siku ya mfereji haina mgeni. Anayetokea njiani amekuja kuchimba. Shangazi akamkabidhi jembe.

"Karibu, baba. Kipande chako ni kutoka jiwe hili mpaka mgomba ule."

"Shikamoo, mama. Mimi ni katibu tarafa, nimekuja kwa kazi ya serikali."

"Marahaba. Na sisi hapa tunacheza?"

Watu wakaangua kicheko. Katibu akanitazama mimi msomi, nimwokoe. Nilikuwa kwenye tope hadi magotini, viganja vimetoka malengelenge, na nusu ya kipande changu sijaifikia. Akakunja suruali yake ya pasi, akachimba. Kwa kweli alinipita.

Mchana maji yakashuka. Yalianzia kwa mjane mmoja mgonjwa, ambaye kipande chake kilichimbwa na majirani.

"Zamu hizi za maji anaziandika nani?" katibu akauliza.

"Haziandikwi," shangazi akasema. "Kila mtu anajua jirani yake amekula nini."

Katibu akakaa juu ya jiwe, akasafisha viatu vyake kwa muda mrefu.

"Ndugu zangu," akasema, "nikiwashusha nyikani, nitawafundisha nini kule?"

Hakuahidi kitu. Wiki kadhaa shangazi hakupanda hata mche mmoja, akisubiri. Kisha barua ya katibu ikaja: tubaki, tuchague mwenyekiti, tusimamishe kibao cha kijiji cha ujamaa. Siku hiyohiyo shangazi akaingia shambani na mbegu za maharage. Kuandika kibao nikaachiwa mimi, kazi pekee niliyoweza.